Mwalimu wangu anataka riwaya yake ihakikiwe, na hajui mhakiki ni mimi

BARUA

Mama Mshauri,

Hujambo? Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kondele, Kisumu. Nina kijiduka cha saiba na fotokopi ninachokiendesha na dada yangu. Barua hii nimeianza mara nne na kuifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona tatizo langu ni dogo: kitabu tu. Lakini hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa mlevi wa riwaya za vijana, hasa zile zinazochanganya fumbo na mapenzi. Mtu amepotea au kitu kimeibwa, msichana na mvulana wanatafuta, na huku wakitafuta wanaanza kutazamana. Nanunua za mitumba, zile zinazotandazwa juu ya magunia, shilingi 100 au 150, nyingine hazina hata jalada. Miaka mitatu iliyopita nikaanza kuandika uhakiki wa ukurasa mmoja kila mwezi. Nauchapa usiku tukishafunga duka, natoa nakala sitini, na rafiki zangu walimu wanazibandika kwenye ubao wa maktaba katika shule tatu za wasichana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana, wasomaji kama ishirini hivi, wengi wao wa shule za kutwa, kidato cha pili na cha tatu. Kitabu nakipa maandazi badala ya nyota. Maandazi matano ni kitabu cha kukukosesha usingizi. Andazi moja ni la juzi.

Sitii jina langu. Natumia jina la kubuni, na wanaojua ni watu wanne tu. Nilihofia kwamba nikijulikana kuwa ni yule msichana wa fotokopi hakuna atakayenisikiliza. Sasa jina hilo limekuwa kubwa kuniliko. Nikisema "soma", wasichana wanachanga shilingi ishirini ishirini, wananunua nakala moja na kuizungusha mpaka uti wake unakatika.

Sasa Mwalimu. Alinifundisha Kiswahili miaka minne katika shule ya bweni, Kaunti ya Kakamega. Karo yetu haikuwa ikitimia, na siku ambazo wenzangu walikuwa madarasani nami nangoja hatima yangu, alinifungulia stoo ya vitabu nikae humo. Ndiye aliyenipa riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ile ya Bwana Msa na kiko chake. Mende walikuwa wameitafuna pembeni. Akaniambia: "Soma polepole. Kila kitu utakachokihitaji umeshaonyeshwa." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya mhakiki.

Alistaafu miaka miwili iliyopita, anaishi Lurambi na Mama Mwalimu. Sisi wanafunzi wa zamani tunawapenda wote wawili. Mama Mwalimu hupenda kumtania mumewe kwamba mzee amempita miaka saba lakini yeye mke ndiye anayemtafutia miwani, na kwamba siku ya kwanza kumwona alikuwa amejaa vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Sehemu ya kiinua mgongo chake Mwalimu ameitumia kuchapisha riwaya ambayo amekuwa akiiandika tangu niko kwake darasani. Nakala 500. Ziko sebuleni kwenye makatoni, runinga imewekwa juu yake.

Mwezi jana alikuja Kisumu, akaingia dukani na nakala mbili. Moja akanipa mimi. Ya pili akasema: "Mwanangu, si wewe unayempigia chapa yule mhakiki wa maandazi? Mfikishie hii. Mwambie asinionee huruma." Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema nitamfikishia.

Nimeisoma mara mbili. Fedha za kununulia basi la shule zimeibwa usiku wa kuamkia siku ya wazazi. Anayetafuta ni msichana wa kidato cha tatu, miaka 17, akisaidiwa na mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, miaka 24. Kurasa 130 za kwanza ni tamu, Mama. Nilizisoma mpaka jogoo wa jirani akawika. Kisha yakaja mawili. La kwanza: mwizi anajitokeza ukurasa wa 187, katika kitabu cha kurasa 212. Hajatajwa kabla ya hapo hata kwa jina! Na aliyeandika ni yule yule aliyeniambia kila kitu nimeshaonyeshwa. La pili: wale wawili wanapendana. Wanabusiana stoo ya maabara, mwalimu anamwahidi atamngoja, na matokeo ya mtihani yakitoka anafika kwao na wazee. Kitabu kinaisha kwa vigelegele. Hakuna mhusika hata mmoja, si matroni, si mama mzazi, anayeuliza swali. Kwenye tabaruku kaandika "Kwa aliyengoja". Nadhani ni sisi wanafunzi wake, maana kwa kweli tumekingoja hicho kitabu.

Mama, tulipokuwa kidato cha tatu, msichana aliyelala kitanda cha chini yangu alipendwa na mwalimu wa mazoezi. Muhula wa pili akaondoka na sanduku lake la bati, sweta amelivaa mchana wa jua kali ili lifiche tumbo. Yule mwalimu alimaliza wiki zake akaenda zake. Mwalimu wangu ndiye aliyembebea sanduku mpaka stendi. Nilikuwa dirishani, nikawaona. Sasa najiuliza: je, ameichukua hadithi ya rafiki yangu akaitia sukari?

Rafiki mmoja ananishauri nikae kimya, niseme mhakiki yuko safarini. Mwingine anasema nikipe maandazi matatu, nisifu lugha, yaishe. Dada yangu anasema jina la kubuni ndiyo kazi yake: andika yote, hatajua ni wewe. Na juzi Mama Mwalimu amenipigia kunishukuru kwa kumfikishia mhakiki kitabu. Akasema tangu kichapwe, mzee amerudi kula vizuri.

Zimebaki wiki mbili karatasi ya mwezi huu ibandikwe. Wasichana wameshaliona jalada hapa dukani na wanauliza. Nifanyeje?

Msomaji, Kondele

JIBU

Binti yangu wa Kondele,

Nianze kwa kukutoa hofu. Barua yako nimeibadilisha hapa na pale kabla ya kuichapisha, kama tulivyokubaliana. Unachotoa si maandazi. Ni kitu kingine, kitamu zaidi, nami nimekisikitikia nilipokiondoa. Mitaa nimeihamisha. Umri wa watu na idadi ya kurasa nimezichezea, ila tofauti kati ya namba na namba nimeiacha ilivyokuwa. Kwa nini nimeiacha, utaona.

Unasema tatizo ni dogo, kitabu tu. Mtu anayekosa usingizi wiki tatu kwa ajili ya kitabu tu, mimi sijamwona. Ninavyokusikia, umeshikwa mkono na watu wasioweza kupita mlango mmoja pamoja. Yuko mzee aliyekufungulia stoo. Wako wasichana wanaochanga shilingi ishirini ishirini kwa neno lako. Yuko binti wa sweta aliyeondoka na sanduku. Na yuko yule mwingine, mwenye jina la kubuni, ambaye umemlea miaka mitatu na unaogopa kumpoteza. Kila mmoja ana haki yake, na ukurasa ni mmoja.

Lakini naomba tuyatenganishe yale mawili uliyoyaona kitabuni, maana umeyabeba kwenye kapu moja na hayana uzito sawa.

La mwizi wa ukurasa wa 187 ni kosa la ufundi. Wala hulaumu peke yako. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliweka amri kumi za fumbo la haki, na ya kwanza kabisa inataka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Mwaka uliofuata waandishi wa London waliunda klabu yao, na mwanachama mpya aliapishwa kwamba hatamficha msomaji dokezo muhimu. Mwalimu wako hakuhitaji kusoma hayo. Alikuambia jambo lile lile kwa maneno machache kuliko ya Knox, kando ya kitabu kilicholiwa na mende. Anaijua kanuni. Ameivunja kwa uchovu, au kwa haraka ya mtu anayelipa matbaa kwa pesa yake mwenyewe, au kwa kukosa mhariri, na hili la mwisho ndilo ningeliwekea dau. Mhariri angemwambia: mzee, mpitishe huyu bwana langoni ukurasa wa 15, amebeba debe la mafuta ya taa, halafu mwache aende. Sentensi moja tu, na kitabu kimepona.

Najua kero yako nyingine hapa, ingawa hukuitaja: utalisemaje kosa hilo bila kumtaja mwizi na kuwaharibia wasichana utamu? Wahakiki wa mafumbo wote hujikuna kichwa hapo. Wapo wanaosema tu kwamba mgeni mkuu ameingia wakati wenzake wanaosha sufuria, na msomaji akaelewa asitarajie haki mwishoni. Wewe una kalamu nzuri, utapata namna yako. Na kwa mtu aliyesema "asinionee huruma", nadhani hili atalipokea jinsi wewe ulivyokuwa ukipokea wino wake mwekundu.

Sasa la pili. Hapa mwendo wangu utakuwa wa polepole, na naomba unisamehe nikianza mbali.

Mimi nimekulia Nakuru, na katika shule yetu riwaya za mapenzi zilisomwa ndani ya atlasi. Ukisikia msichana anaipenda jiografia kupita kiasi, basi. Zilikuwa zile nyembamba za kutoka Uingereza, zinapita mkono hadi mkono mpaka kurasa za kubusiana zinalegea na kudondoka. Ndani yake mwanamume alikuwa daktari, bosi, mwenye shamba, kila mara mkubwa na mwenye cheo, na msichana hana kitu. Hatukuliona hilo. Tuliona farasi. Mkataba wa riwaya ya mapenzi ni kwamba wawili wapendanao watapatana mwishoni, na msomaji anayeinunua analipia hivyo vigelegele. Kwa hiyo kwamba kitabu cha Mwalimu kinaishia kwenye harusi si ajabu. Ajabu ingekuwa kisiishie hapo. Swali lako wewe ni jingine, na ni zito zaidi: nani amealikwa kwenye hiyo harusi, na nani amefungiwa nje ya lango.

Kwa sheria ya Kenya halina utata. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kifungu chake cha 24 kinamtaja mwalimu waziwazi: anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi kingono anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Riwaya si mahakama, sawa. Hadithi ya upelelezi ingekufa njaa kama wahusika wote wangekuwa watii wa sheria. Mwizi wa pesa za basi naye kavunja sheria na hukumlaumu Mwalimu kwa hilo. Tofauti, nadhani, ni kwamba wizi umeitwa wizi ndani ya kitabu, na lile busu la stoo limeitwa bahati. Hicho ndicho kilichokuchoma: kwamba hakuna anayeuliza swali. Kama ni hivyo, liandike hivyo hivyo kwanza kwenye daftari lako, kabla hujaamua kama litafika ubaoni. Ni sentensi ya mhakiki, haimtukani mtu, na imekaa ndani ya kitabu.

Hadithi ya rafiki yako haikai ndani ya kitabu. Umesema "je, ameichukua?" Huenda. Lakini ngoja nikuulize: ulimwona Mwalimu akibeba sanduku, uliona na uso wake? Mtu aliyebeba sanduku lile mpaka stendi, akalipandisha juu ya matatu, akarudi peke yake, angeweza kulitia sukari kirahisi namna hiyo? Mimi sijui. Nakuomba tu usilijibu kwa niaba yake.

Na hapa nitafanya jambo ambalo si la ushauri, ni la upelelezi. Wewe mwenyewe umenifundisha kusoma polepole. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililiona tatizo lako. Mara ya pili niliona namba. Katika riwaya msichana ana miaka 17, mwanamume 24. Sebuleni Lurambi, mama mmoja humtania mumewe kwamba amempita miaka saba. Alimwona mara ya kwanza akiwa na chaki kwenye nyusi. Hukuniambia alikuwa amekaa wapi alipomwona, kama ni nje dirishani au ndani kwenye dawati. Na kitabu kimetabarukiwa mtu mmoja, si watu: "Kwa aliyengoja." Wewe uliyachukua maneno hayo ukayagawia darasa zima.

Sisemi kwamba ndivyo. Mashahidi wangu ni watatu na wote wamepita kwenye barua yako haraka haraka, na tofauti ya miaka saba iko katika nyumba nyingi. Pengine walikutana chuoni, na chaki ni ya ubao wa huko. Lakini kama kuna hata chembe ya ukweli, basi kitabu unachokisoma kama hadithi ya sanduku la bati iliyotiwa sukari huenda ni hadithi nyingine kabisa, ya mtu anayekumbuka ujana wake. Wazee wa rika la Mwalimu wako walioa katika nchi tofauti na hii. Ni wangapi tunawajua walioona wake zao kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya mahudhurio, ng'ombe wakachinjwa, na hakuna aliyeuliza? Baadhi ya ndoa hizo zimedumu na zina upendo. Nyingine, mke hakupata nafasi ya kusema alitaka nini. Mtu akiandika hadithi iliyomwendea vyema, anaweza asijue kabisa kwamba katika kitanda cha juu alikuwako msomaji mwenye hadithi iliyoishia stendi.

Ikiwa ndivyo, mzigo wako unapungua au unaongezeka? Nimejiuliza, na nimeshindwa kuamua. Wasichana wako wa Jumamosi hawataisoma ndoa ya Lurambi. Watasoma stoo ya maabara, na muhula ujao mwalimu wa mazoezi ataingia darasani kwao akiwa na shati lililopigwa pasi.

Kuna na jambo la pili la kipelelezi, na hili nalisema nikitabasamu. Una uhakika gani kwamba Mwalimu hajui? Alisahihisha insha zako miaka minne. Anajua unavyoanza aya, anajua koma zako zinapolala. Na ile kauli ya "umeshaonyeshwa", kweli hujawahi kuipenyeza kwenye karatasi zako za kila mwezi? Mimi ningeipenyeza kila mwaka. Kisha anakuja na nakala mbili, anakutazama usoni na kusema mwambie asinionee huruma. Hizo nakala, umezifungua zote mbili, au umesoma moja na nyingine umeiweka rafuni ikimngoja mhakiki?

Nikirudi kwa washauri wako, sioni aliye mjinga kati yao.

Ukimya una heshima yake. Wahakiki wengi hawagusi vitabu vya watu wao wa karibu, na hakuna anayewalaumu. Ila ukimya wako hautakuwa mtupu: wasichana wameliona jalada, na mzee anayengoja jibu huanza kujijibu mwenyewe, mara nyingi kwa ukali kuliko wewe. Na hiyo safari ya mhakiki itabidi irudi siku moja.

Maandazi matatu? Ni njia ya amani, na kwa kurasa 130 za mwanzo pengine hata si uongo. Hofu yangu ni kwamba namba hula maneno. Msichana mwenye shilingi ishirini mkononi husoma namba kwanza, na akiona tatu hafiki kwenye aya yako ya tahadhari. Labda kitabu hiki ni cha kuhakikiwa bila andazi, au fumbo lipewe lake na mapenzi yapewe yake. Hilo nalo litaulizwa: kwa nini hiki tu?

Dada yako anaamini jina la kubuni ni kinga. Ni kinga, lakini inakukinga wewe peke yako. Mhakiki anayemjua mwandishi kwa kawaida husema: huyu alikuwa mwalimu wangu, nisomeni mkijua hivyo. Jina lako la kubuni linakunyima sentensi hiyo. Ukimsifu ukiwa umejificha, umependelea kwa siri. Ukimkosoa ukiwa umejificha, halafu ukapokea simu ya Mama Mwalimu akikueleza jinsi mzee alivyoacha chakula, utaishika ile simu kwa mkono upi? Kwa upande mwingine, kulivua jina hilo ni kupoteza ulichokijenga, na huenda ile hofu yako ya "msichana wa fotokopi" ina ukweli. Au huenda ilikuwa na ukweli miaka mitatu iliyopita. Waliosoma karatasi zako tangu hapo wamekuona, bila kuiona sura yako.

Kumpa mtu mwingine ukurasa wa mwezi huu nako kunawezekana. Ila mgeni hatakuwa na mapenzi yako kwa kitabu hicho, na mapenzi yako ndiyo yanayokufanya uone kurasa zile za mwanzo ni tamu.

Kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia: kwenda kwanza. Kukaa na Mwalimu kabla karatasi haijabandikwa, kama wewe au kama mhakiki, au wote wawili. Magazeti makubwa yana desturi ya kutomwonyesha mwandishi uhakiki kabla haujatoka, na wana sababu nzuri: ukishakunywa chai ya mtu, kalamu inalegea. Hatari hiyo ni ya kweli kwako kuliko kwa mtu wa gazeti, maana chai ya Lurambi umeinywa miaka mingi. Anaweza kukuomba uondoe kitu. Anaweza kunyamaza, na ukimya wa mwalimu wako ni mgumu kuubeba kwenye matatu ya kurudi. Na ukiuliza kuhusu tabaruku mbele ya Mama Mwalimu, unaweza kufungua sanduku jingine ambalo si lako. Lakini nakala 500 zikiisha zinaweza kuchapwa tena, na mwandishi aliye hai anaweza kumwongeza matroni mmoja anayeuliza swali.

Na wasichana wenyewe? Umewazungumzia kama watu wa kulindwa, nami nakuelewa. Ila nina shaka kidogo. Wasomaji wa mafumbo wa miaka 16 hawapitwi na mambo kirahisi. Wamezoea kumshuku kila mtu. Ungeweza kuwapa sura ile ya maabara Jumamosi moja na kuwauliza tu: ni nani katika chumba hiki anaweza kusema hapana bila kupoteza chochote? Kisha ukae kimya. Ukichagua hivyo, jiandae kwa jambo moja. Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kumfanya mmoja wao abaki nyuma wenzake wakiondoka, akuambie jambo lisilohusu kitabu. Usiahidi kutunza siri usiyoweza kuitunza. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo nchini kote, na vizuri uwe nayo mfukoni, na mwalimu mmoja unayemwamini awe anajua mtakachokisoma.

Kuhusu rafiki wa sanduku, hukuniambia yuko wapi sasa. Mtoto wake, kama alizaliwa, miaka si mingi atafika umri wa kusoma karatasi zako za ubaoni. Hadithi ile ni yake kabla haijawa hoja yako. Sijui kama mnaongea. Kama mnaongea, pengine yeye ndiye msomaji wa kwanza wa riwaya hii anayestahili kuulizwa, na pengine atakuambia hataki kuulizwa.

Wiki mbili zinatosha kwa mambo kadhaa kati ya haya, hazitoshi kwa yote, na hakuna aliyeandika popote kwamba uhakiki lazima utoke mwezi kitabu kilipoletwa. Ukiamua kwenda Lurambi, panda gari la asubuhi. Mchana mvua ya Kakamega haimngoji mtu. Nenda na ile nakala yako, yenye alama za penseli pembeni, maana najua umeshaziweka. Na niandikie tena, binti yangu, hasa kama utauliza swali lako, Mwalimu aanze kutafuta miwani, na Mama Mwalimu ajibu kabla yake.